Ukuta Mweupe: Habari za Chokaa, Udongo na Jasi katika Pwani ya Kusini

Mahali ambapo mto Mwachema huingia baharini, Tiwi ikiwa upande wa kaskazini na Diani upande wa kusini, pana msikiti wa kale uitwao Msikiti wa Kongo. Mibuyu mikubwa imeuzunguka, na kivuli chake hufanya mahali hapo pawe baridi hata jua la mchana likiwa kali. Paa la msikiti si la makuti wala la bati. Ni la mawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nalo limejengwa kwa mviringo mfano wa mgongo wa mashua iliyofudikizwa. Umesimama hapo kwa karne nyingi, na watu husali ndani yake hata leo. Wageni waendao kuutazama huambiwa habari za mibuyu, za bahari na za wasafiri wa zamani. Ukuta wenyewe hutupiwa jicho tu, kisha huachwa. Mimi nataka katika kurasa hizi tuutazame ukuta; wala si mawe yake, bali kitu kilichopakwa juu ya mawe.

Pengine msomaji atasema kuwa jambo hili ni dogo. Historia, atasema, ni habari za wafalme, vita na safari. Lipu ya ukutani ina habari gani? Lakini na ashike jiwe la pwani mkononi kabla ya kuhukumu. Jiwe hili lina matundu kama sega la nyuki na makali kama wembe. Ukuta uliojengwa kwa jiwe hilo na kuachwa uchi hunywa mvua, hunyonya chumvi ya bahari, na katika nyufa zake hukaa nge, mijusi na nyoka. Asiyeupaka ukuta huo hana nyumba, ana lundo la mawe lenye mlango. Tena wageni wa zamani walioiona miji yetu kwa mbali, wakiwa katika vyombo vyao, hawakuona mawe. Waliona weupe.

Ardhi yote ya ufuoni, tangu Waa mpaka Vanga, ni mwamba wa matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na viumbe wadogo wa baharini wakajenga ndani yake ukuta mrefu kwa miili yao. Bahari iliposhuka ukuta huo ulibaki nchi kavu, nao ndio mwamba ambao mkulima wa Msambweni hugonga jembe lake akilima muhogo, na ambao mapango ya Shimoni yametobolewa ndani yake. Basi watu wa pwani walikuwa na mawe ya aina mbili. La kwanza ni hili la nchi kavu, gumu na lenye matundu, nalo lilifaa kuta. La pili ni tumbawe hai lililokatwa chini ya maji, ambalo huwa laini likiwa bichi na hugeuka gumu likikauka. Hilo lilichongwa miimo ya milango, mihirabu na mapambo. Na kutoka katika mawe hayo hayo walipata kitu cha tatu, yaani chokaa.

Namna ya kuchoma chokaa haikuhitaji chombo chochote cha thamani, lakini ilihitaji kuni nyingi na akili tulivu. Magogo yalipangwa chini kwa duara, safu juu ya safu, hata yakawa kama jukwaa. Juu ya magogo yalipangwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwa vipande, madogo yakijaza nafasi za makubwa. Moto ulitiwa katikati, ukaachwa uwake usiku kucha na pengine zaidi. Jiwe la namna hii likipata joto la kiasi cha digrii 900 hutoa hewa ya ukaa iliyofungika ndani yake, na kinachobaki ni kitu chepesi, cheupe, chenye uchu wa maji. Kitu hicho kikinyunyiziwa maji huchemka, huvimba na kupasuka kuwa unga. Anayekigusa kwa mikono mitupu huunguzwa, na macho yakiingiwa na vumbi lake hupata madhara makubwa. Fundi wa zamani hakuharakisha kuitumia chokaa yake. Aliilowesha, akaifunika, akaiacha kwa majuma au miezi ikapoa na kulainika, kwa kuwa punje moja isiyoiva ikipakwa ukutani huja ikavimba baadaye na kutoboa lipu kama kipele.

Kisha kazi ya kupaka. Tabaka la kwanza lilikuwa la chokaa iliyochanganywa na mchanga, na mara nyingi udongo mwekundu pia, nalo lilitupwa kwa nguvu juu ya mawe ili lijaze matundu yote. Likikaza, tabaka la pili lilinyosha ukuta. Tabaka la mwisho lilikuwa niru, yaani chokaa laini iliyochujwa, ikapakwa nyembamba na kusuguliwa mpaka ikateleza chini ya kiganja. Hapo ukuta uliachwa upumue. Chokaa haikauki kama tope linavyokauka. Huvuta kidogo kidogo kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyoitoa katika moto, na kwa kuivuta hugeuka tena kuwa jiwe. Kwa hiyo lipu ya msikiti wa kale ni jiwe lile lile la ufuoni, lililopitishwa motoni na majini na kurudishwa katika asili yake, isipokuwa sasa limenyooka. Sijui kazi nyingine ya mikono ambayo ndani yake elimu ya kemia imefichwa vizuri namna hii, na watu walioifanya hawakuwahi kusikia jina la elimu hiyo.

Je, kazi hii ilianza lini? Wachimbaji wa mambo ya kale wametupa jibu ambalo babu zetu wangelifurahia. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine mahali pamoja. Wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8. Ya juu yake ikabadilika hatua kwa hatua hata ikafika ya mawe. Jambo hili ni kubwa, kwa maana zamani wako wageni walioandika kwamba miji ya mawe ya pwani ililetwa tayari kutoka ng'ambo, kama shehena. Shanga yaonyesha watu waliokaa pahali pao, wakijenga kwa miti, kisha wakijifunza mawe, kisha wakipata ustadi wa chokaa, vizazi baada ya vizazi.

Hapa pana fumbo ambalo wanafunzi wa historia hulipenda. Ibn Battuta alifika pwani hii mwaka 1331. Alilala Mombasa usiku mmoja, akaandika kuwa misikiti yake ni ya mbao, imejengwa imara. Akafika Kilwa, akasema mji ni mzuri nao umejengwa kwa miti. Lakini Kilwa ya siku hizo ilikuwa na Msikiti Mkuu wa mawe, na juu ya mwamba ukingoni mwa bahari palikuwa na Husuni Kubwa, jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea, ambalo jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman limechongwa katika maandishi yaliyopatikana hapo. Neville Chittick aliyachimba magofu hayo na kuyaeleza katika miaka ya 1960. Je, msafiri yule alikuwa kipofu? Wako wanaosema kuwa aliyenakili kitabu alikosea. Mimi naona kuna jibu jepesi zaidi: mtu akitembea katika mji wa Waswahili wa karne ya 14 alipita nyumba nyingi za miti na udongo kabla ya kufika kwenye nyumba moja ya mawe. Wengi walikaa katika udongo. Jambo hilo tutalirudia.

Karne mbili zilipokaribia kupita, Wareno walikuja na mizinga. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, akaichoma Mombasa. Habari zilizoandikwa na watu wa safari ile zinataja nyumba ndefu za mawe na chokaa, na kuta za ndani zilizopambwa kwa lipu yenye nakshi za namna mbalimbali. Ni ajabu kidogo kwamba askari katikati ya kupora mji alipata nafasi ya kutazama lipu. Pengine ilikuwa nzuri kiasi cha kumsimamisha.

Lipu ilikuwa pia karatasi ya watu. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, liko kaburi ambalo mwaka wake umeandikwa katika lipu: 802 wa Hijra, ndio 1399 wa Miladi. Tarehe hiyo imekuwa kama msumari ambao historia ya mji mzima imetundikwa. Na katika kuta za nyumba za Gedi, za Songo Mnara na za Ngome ya Yesu ya Mombasa, watu walichora vyombo vya baharini kwa ncha ya kisu: tanga, mlingoti, omo na tezi. Nani aliyechora? Labda baharia anayengoja pepo zibadilike, labda mtoto aliyeachwa chumbani peke yake. Mawe matupu yasingeliweza kutuhifadhia michoro hiyo.

Nyumba ya muungwana wa pwani ilipangwa kutokana na kipimo cha boriti. Boriti za mikoko zilibeba dari, na urefu wa boriti nzuri ulifanya vyumba viwe vyembamba, kiasi cha hatua tatu au nne kwa upana, hata nyumba ikiwa ndefu namna gani. Katika ukuta wa chumba cha ndani palitengenezwa zidaka, safu juu ya safu, zikapambwa kwa chokaa iliyokatwa kwa kisu kabla haijakaza. Ndani ya zidaka ziliwekwa sahani za Kichina, vitabu na vyombo vya shaba. Mwangaza hafifu ulioingia kutoka kiwandani uligonga niru ukaenea chumba kizima; kwa hiyo weupe haukuwa wa fahari tu, ulikuwa taa. Lamu na Pate ndiko zidaka zilikofikia uzuri wake mkubwa katika karne ya 18, lakini upande wetu wa kusini nao haukukosa. Kisiwani Wasini magofu ya nyumba za mawe yamo katikati ya kijiji hata leo. Na Gazi ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, ambaye alipigana na masultani wa Unguja na baadaye na Waingereza, mpaka mwaka 1896 alipovuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa chini ya Wadachi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya picha nzuri hulipita upesi. Muungwana hakuchoma chokaa yake mwenyewe. Magogo yalikatwa matopeni na kubebwa mabegani, mawe yalichimbwa, yakavunjwa, yakapandishwa, maji yalichotwa. Katika karne ya 19, miji na mashamba ya pwani yalipoongezeka utajiri, sehemu kubwa ya kazi hizo ilikuwa ya watumwa. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, na watu waliokuwa wazee katikati ya karne ya 20 waliweza kukumbuka siku zile. Nyumba ya mawe ilikuwa alama ya kuwa mtu ana asili na uhuru. Aliyeisugua niru mpaka ikang'aa aghalabu alikwenda kulala katika kibanda cha udongo. Ninapotazama ukuta wa kale na kuusifu, nasifu mikono ambayo majina yake hayakuandikwa popote, si katika lipu wala katika kitabu.

Iko kazi moja tu ya chokaa ambayo ilifanywa kwa shangwe, nayo ni kupiga sakafu. Mawe madogo na chokaa vilimwagwa juu ya boriti kwa unene mkubwa, na watu wengi, wanawake kwa wanaume, wakapanda juu na vipande vya mti mikononi, wakapigilia kwa mwendo mmoja, siku hata siku, wakiimba na kupikiwa chakula na mwenye nyumba. Nyimbo zilishika mwendo, na mwendo ulifanya sakafu ikae sawasawa. Sakafu iliyopigwa hivi haikupitisha mvua.

Turudi kwa wale wengi. Wadigo, ambao ndio wenyeji wa nchi tangu Likoni mpaka kuvuka mpaka wa Tanzania, na ambao mababu zao walikaa katika makaya ya msituni kama Kaya Kinondo, hawakuwa watu wa kujenga kwa mawe. Lakini mtu asidhani kuwa ukuta wa udongo ni kazi ya mjinga. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa kwa ndani na kwa nje, na kati ya fito hujazwa mawe madogo na udongo uliokandwa kwa miguu. Hiyo ni kazi ya kwanza. Ukuta ukikauka hupasuka, wala si kosa la mtu, ni tabia ya udongo; ndipo hufuata kutomea, yaani kujaza nyufa kwa vijiwe na tope zito, na baada ya hapo kukandika, kupaka udongo laini kwa kiganja mpaka fito zote zimepotea. Mwenye uwezo humaliza kwa kupaka chokaa. Msomaji atambue kuwa ni matabaka matatu, sawasawa na ya muungwana: la kujaza, la kunyosha, na la kulainisha.

Tena kukandika kulihusu uzima wa watu. Katika nyufa za kuta na sakafu za udongo hukaa papasi, mdudu ambaye hutoka usiku kumwuma alalaye, na ambaye huambukiza homa ya kurudi rudi. Ukuta uliokandikwa vizuri kila mwaka haukumpa nafasi ya kujificha. Mama aliyeweka kiganja chake chenye udongo ukutani baada ya mvua za masika alikuwa akifanya kazi ya mganga, ingawa hakulipwa ada yake.

Mambo yaligeuka upesi katikati ya karne ya 20. Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951 kaskazini ya Mombasa, na tanuri lake likaanza kutoa saruji mwaka 1954. Saruji nayo huchomwa kutoka katika mawe ya pwani, lakini kwa joto kali kupita la chokaa, pamoja na udongo wa mfinyanzi. Hukaza kwa siku chache, haingoji miezi, nayo hubeba mizigo ambayo chokaa haiwezi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mahoteli yakaanza kusimama moja baada ya jingine katika ufuo wa Diani, na mafundi wakajifunza mwiko wa saruji. Jiwe la matumbawe likaanza kukatwa kwa msumeno likatoka matofali yaliyonyooka, na ukuta ulionyooka ukahitaji lipu nyembamba tu. Kijana wa Ukunda aliyekuwa na miaka 20 hakuona sababu ya kukaa miezi akiangalia chokaa ikipoa, nami simlaumu.

Hata hivyo chokaa haikufa mara moja, na kifo chake kilikuwa na gharama. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kwa wingi sana, ikawa kuni za viwanda vya chokaa na vya matofali. Palipokuwa na msitu pakabaki tope jeupe la chumvi, mawimbi yakala ufuo, na wavuvi wakaona samaki wakipungua, maana wadogo wa samaki hulelewa katika mizizi ya mikoko. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu na wanakijiji walianza kuipanda tena, mche baada ya mche, na mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaanza mpango uitwao Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa miti hiyo huvuta hewa ya ukaa na kuifungia matopeni, wanalipwa fedha kwa ajili ya hewa hiyo, nazo hutumika kwa maji na shule. Babu alikata mkoko ili achome jiwe litoe hewa ya ukaa. Mjukuu hulipwa ili mkoko uishike hewa ile ile. Matumbawe hai nayo hayaguswi tena: Kisite na Mpunguti, kusini ya Shimoni, zilitangazwa hifadhi mwaka 1978, na bahari ya Diani hadi Chale mwaka 1995.

Kwa hiyo tumefika penye shida ya kweli. Kuta za kale zinahitaji chokaa, wala hazikubali saruji. Saruji ni ngumu na imeziba. Chokaa ni laini na ina matundu madogo yasiyoonekana. Maji hupanda katika ukuta wa matumbawe kutoka ardhini, nayo zamani yalitoka polepole kupitia niru. Ukuta huo ukipakwa saruji, maji hayana njia. Hukaa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya miaka kadha lipu hudondoka kama ganda, ikichukua na uso wa jiwe. Boriti zilizochomekwa katika ukuta ulioloa huoza vichwani, na dari hushuka. Nimeona nyumba ya kale moja katika pwani hii ambayo mwenyewe, kwa mapenzi mema kabisa, aliipaka saruji ili asiirudie tena kila miaka michache. Nilipoingiza kidole nyuma ya lipu ile mawe yalikuwa yametoka unga.

Mji Mkongwe wa Unguja umehangaika na jambo hili zaidi ya mji mwingine wowote. Tangu mwaka 1985 kuna mamlaka maalumu ya kuuhifadhi, na mafundi wamefundishwa upya kutumia chokaa. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka, na watu wawili wakafa. Nyumba ya kale iliyochoka haingoji mtu amalize kujifunza.

Na katika Diani ya leo lipu ina mshindani mwingine, ambaye kwa kweli ni mzee kuliko saruji. Jasi ni madini laini ambayo yakipashwa moto mdogo, usiofika hata digrii 200, hugeuka unga. Unga huo ukichanganywa na maji hukaza kwa dakika chache. Wamisri wa kale waliitumia katika mapiramidi. Mwaka 1667, mwaka mmoja baada ya London kuungua, mfalme wa Ufaransa aliamuru nyumba za miti za Paris zipakwe lipu ili zisiwake, nayo jasi ilichimbwa katika kilima cha Montmartre. Kisha mwaka 1894 Augustine Sackett wa Marekani alipata cheti cha serikali cha uvumbuzi wa ubao wenye jasi na karatasi, matabaka juu ya matabaka. Mbao za namna hiyo zilipoboreshwa, fundi hakuhitaji tena kungoja ukuta ukauke. Ukuta ulikuja umekauka tayari, juu ya gari.

Siku hizi mbao hizo, ambazo mafundi wetu huziita jipsamu, zimo katika mahoteli, maofisi na nyumba mpya za Ukunda na Diani, hasa katika dari na kuta za kugawa vyumba. Ubao hupigiliwa kwa skrubu juu ya fremu za chuma chepesi. Mtoto wa shule aweza kujifunza kazi hiyo kwa siku mbili. Ustadi wote uko katika maungio. Pale mbao mbili zinapokutana fundi hujaza unga uliokorogwa, hulaza juu yake utepe wa karatasi, huukandamiza mpaka mapovu ya hewa yote yametoka, kisha huacha pakauke. Hupaka tena, pana zaidi; huacha pakauke; hupaka mara ya tatu, pana zaidi tena na nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ili jicho lisijue mwinuko ulianzia wapi. Mwisho husugua kwa msasa. Akiruka utepe, ufa utaonekana kabla ya mwaka kwisha, hata rangi ikiwa ya thamani gani. Kujaza, kunyosha, kulainisha: hapana jipya hapo.

Lakini jasi ni mgeni ambaye hajazoea hewa yetu. Chokaa husimama katika mvua karne kadha. Ubao wa jasi ukiloa hulainika, na karatasi yake huota ukungu. Upepo wa kusi huleta chumvi ambayo hula vichwa vya skrubu, na alama za kutu hujitokeza juu ya rangi nyeupe mfano wa surua. Mafundi wenye maarifa huchagua mbao zilizotengenezwa kwa kustahimili unyevu na skrubu zilizopakwa dawa ya kutu, nao hawaweki jasi katika ukuta unaopigwa na mvua. Wasio na maarifa hujifunza kwa hasara ya mwenye nyumba.

Nilipata kumtazama fundi mmoja wa kazi hii akimaliza chumba huko Diani. Alifunga madirisha yote, akawasha taa, akaiweka ubavuni mwa ukuta karibu kabisa, hata mwanga ukatambaa juu ya uso wake badala ya kuugonga. Hapo kila mkwaruzo na kila mwinuko, ambao mimi sikuwa nimeuona mchana kutwa, ulitoa kivuli. Aliziwekea kasoro hizo alama kwa penseli, moja moja, akizima na kuwasha. Nilimwuliza kama amewahi kushika chokaa. Alisema baba yake aliijua, yeye hapana. Kisha akanyosha mkono akaomba nimpe msasa uliokuwa karibu na mguu wangu.